Mgeni Siku Mbili: Maisha ya Mafundi wa Programu Huria

Ndugu msomaji, katika kila nyumba ya mjini siku hizi haikosekani simu ya mkononi. Baba huitumia kupokea mshahara na kulipia umeme; mama huitumia kuagiza bidhaa za genge lake; watoto huitumia kwa masomo, na zaidi kwa michezo. Twaijua kampuni iliyoitengeneza simu hiyo, kwa kuwa jina lake limechorwa mgongoni. Twaijua na kampuni inayotuuzia muda wa maongezi, kwa kuwa hatuachi kuilalamikia. Lakini wako watu wengine, maelfu kwa maelfu, ambao kazi ya mikono yao imo ndani ya simu hiyo, wala majina yao hayakuandikwa po pote juu yake. Baadhi yao hulipwa na makampuni makubwa. Baadhi yao hawalipwi hata senti moja.

Watu hao ni mafundi wa programu huria. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanavyofanya kazi, wanavyosafiri, wanavyojuana na wanavyochoka. Maana kuchoka wanachoka, na uchovu wao, kama tutakavyoona, si jambo lao peke yao.

BAISKELI ILIYOFUNGIWA SANDUKU

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Kompyuta bila programu ni sanduku la madini na plastiki tu. Programu ni maagizo yanayoiambia mashine itende nini, hatua moja baada ya nyingine. Maagizo hayo huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu ambayo mafundi wenziwe waweza kuisoma. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu tupu ambazo mashine huzifuata upesi, lakini mtu hawezi kuzisoma akaelewa. Makampuni mengi huuza tarakimu hizo tu. Maandishi ya asili huyafungia kabatini.

Fikiri, ndugu msomaji, kwamba umenunua baiskeli ambayo mnyororo wake umefungiwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo anao muuzaji aliye ng'ambo. Siku mnyororo ukikatika, huwezi kuikokota baiskeli hadi kwa fundi aliye chini ya mwembe mtaani kwenu. Huna budi kumngoja muuzaji, kwa bei yake na kwa wakati wake. Akifunga duka, nawe umebaki na vyuma vikuukuu.

Programu huria ni baiskeli isiyo na sanduku. Maandishi yake ya asili yamewekwa mahali pa wazi. Mtu ye yote ana ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha, na kumgawia mwenziwe, ikiwa katika hali yake ya kwanza au baada ya marekebisho. Wala neno huria lisikupoteze ukadhani maana yake ni bure. Programu huria yaweza kuuzwa, na fundi aweza kulipwa mshahara mzuri kwa kuitengeneza. Kinachopingwa ni kumfungia jirani yako sanduku.

WALIOANZA

Wazo hili lilipata mtetezi wake mkubwa mwaka 1983. Richard Stallman, fundi wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza kwamba ataanza kutunga mfumo endeshi mzima ulio huru, yaani ile programu mama inayobeba programu nyingine zote. Miaka michache kabla ya hapo maabara yao ilikuwa imepewa mashine ya kuchapia iliyokuwa ikikwama karatasi. Stallman alitaka kuiongezea programu yake ili imjulishe kila mtu mashine inapokwama, lakini alinyimwa maandishi ya asili. Jambo lilikuwa dogo, bali yeye aliliona kubwa: kwamba mwenye mashine amezuiwa kuitengeneza mashine iliyo mbele ya macho yake.

Mwaka 1991 kijana wa Finland mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika kiini cha mfumo endeshi akakiweka hadharani na kuwaomba wenziwe maoni. Kiini hicho kikaitwa Linux. Simu zote zinazotumia mfumo wa Android, ambazo ndizo nyingi mno katika miji yetu, zina kiini hicho ndani yake.

Lakini kiini peke yake hakimtoshi mtu wa kawaida, kama vile injini peke yake haimfikishi abiria Morogoro. Huhitajika mtu wa kuunganisha vipande vyote kuwa kitu kimoja kinachotumika. Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitangaza kuanza kazi hiyo na kuwaalika wengine wajiunge naye. Aliipa jina Debian, kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na jina lake mwenyewe, Ian. Wawili hao walioana, na baadaye wakaachana. Murdock alifariki mwezi Desemba 2015 akiwa na miaka 42. Jina lile la uchumba wao lingali likichapwa kila siku na watu wasiojua lilikotoka.

CHAMA KISICHO NA MAKAO MAKUU

Tutaitumia Debian kuwa mfano wetu, kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi watu wa mbali wanavyoweza kufanya kazi moja bila bwana wala mtumwa. Debian si kampuni. Haina mkurugenzi, haina wenye hisa, wala haina jengo lenye bendera mbele yake. Ni chama cha mafundi wapatao 1,000 wa mataifa mengi, pamoja na wasaidizi wengine wengi wasiokuwa wanachama kamili.

Mwaka 1997 walipitisha mkataba wa jamii, ambao ni ahadi yao kwa watumiaji: kwamba kazi yao itabaki huru, kwamba hawataficha hitilafu zake, na kwamba maslahi ya watumiaji na ya programu huria yatatangulia. Mwaka 1998 wakajiandikia katiba. Kila mwaka humchagua kiongozi kwa kura. Kiongozi huyo hana mshahara, wala hana amri ya kumshurutisha mtu. Katiba yenyewe yaeleza kwamba hakuna awezaye kulazimishwa kufanya kazi asiyoitaka. Hebu fikiri juu ya jambo hilo, ndugu msomaji, wewe unayepiga saa kazini kila asubuhi. Kila kilichofanyika huko kimefanyika kwa sababu mtu fulani alikubali kukifanya.

Na kilichofanyika si haba. Toleo la 12 la Debian, lililotolewa mwezi Juni 2023, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Toleo la 13 lilifuata mwezi Agosti 2025. Seva nyingi zinazobeba tovuti za dunia zinaendeshwa na Debian au na mifumo iliyozaliwa nayo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kompyuta ndogo za wanaanga katika kituo cha kimataifa cha anga za juu zitahamishiwa Debian. Hata Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina la Kibantu lenye maana ya utu, umejengwa juu ya Debian. Naye Shuttleworth aliwahi kuwa fundi wa Debian kabla ya hapo.

Watoto watapenda kujua kwamba kila toleo hupewa jina la mhusika wa filamu za katuni za Toy Story, ambayo ya kwanza yake ni ya mwaka 1995. Kiongozi wa Debian wa wakati ule, Bruce Perens, alikuwa mfanyakazi wa studio iliyotengeneza filamu hiyo. Ile sehemu ya majaribio, ambayo mambo yake huharibika mara kwa mara, iliitwa Sid, kwa jina la mtoto mtukutu wa filamu hiyo anayevunja vitu vya kuchezea.

SIKU YA FUNDI

Sasa tumtazame fundi wa namna hii nyumbani kwake. Hatutampa jina, kwa kuwa wanaofanana naye ni wengi.

Mchana ana kazi yake. Pengine ni mhandisi wa kampuni, pengine mwalimu wa chuo, pengine bado ni mwanafunzi. Wako wachache wenye bahati ambao mwajiri huwaruhusu kuhesabu kazi ya programu huria kuwa sehemu ya ajira. Aliyebaki huianza zamu yake ya pili jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wamelala. Yeye ndiye mtunzaji wa vifurushi kadhaa. Kifurushi ni kama shamba dogo ndani ya shamba kubwa: lina mtu wake, na likiota magugu macho yote humgeukia yeye.

Kwanza husoma barua pepe. Zimo taarifa za hitilafu kutoka kwa watu asiowajua. Moja imeandikwa kwa uangalifu: mashine ya namna gani, toleo lipi, lilitendeka nini, na mwandishi alitarajia nini. Barua ya namna hiyo humfurahisha fundi, kwa kuwa nusu ya kazi imekwisha kufanywa. Nyingine ina maneno mawili tu: haifanyi kazi. Ni kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa, kisha akanyamaza. Ya tatu ni matusi. Mwandishi wake hakulipa cho chote, hakusaidia cho chote, lakini anamkaripia fundi kana kwamba ndiye aliyemwajiri.

Kisha huanza kazi yenyewe. Mtunzi wa asili wa programu fulani, aliye nchi nyingine, ametoa toleo jipya. Fundi wetu hulichunguza: je, masharti yake bado ni ya uhuru? Je, halitavunja programu nyingine zinazolitegemea? Je, linafanya kazi katika mashine za kila aina? Toleo kubwa linapokaribia, milango hufungwa kwa miezi kadhaa. Mambo mapya hayapokelewi, ni ukarabati tu unaoruhusiwa. Huo ndio wakati wa kazi ngumu isiyo na sifa, mithili ya kusafisha mtaro kabla ya masika.

Mabishano nayo hayakosekani. Watu hawa huamua mambo yao kwa maandishi, na maandishi hayana tabasamu wala sauti ya upole. Neno lililoandikwa kwa haraka usiku wa manane na mtu aliyechoka husomwa asubuhi na mwingine aliye upande wa pili wa dunia, naye huliona kama kofi. Ugomvi mdogo huweza kuendelea kwa wiki. Wanawake, ambao tangu mwanzo walikuwa wachache mno katika kazi hii, ndio walioumizwa zaidi na desturi ya lugha kali. Kwa sababu hiyo mwaka 2004 kilianzishwa ndani ya Debian kikundi cha kuwavuta na kuwapa moyo. Safari bado ni ndefu.

Mara nyingi mke au mume wa fundi huyu humwuliza swali ambalo hata wewe umekwisha kulifikiria: kwani unapata nini? Majibu yapo. Anajifunza ufundi ambao darasa halikumpa. Kazi yake yaonekana na dunia nzima, na waajiri huitazama. Wengi wamepata ajira kwa njia hiyo. Anailipa deni, kwa kuwa naye alitumia kazi za waliomtangulia. Tena iko ile furaha ya kukitengeneza kitu kikatengenea. Lakini majibu hayo yote hayanunui unga, wala hayamrudishii mtoto jioni aliyoikosa pamoja na mzazi wake. Familia ya fundi wa kujitolea nayo inajitolea, hata kama haikuulizwa.

SAFARI NA KUJUANA

Mtu aweza kudhani kwamba watu wanaofanya kazi kwa barua pepe hawana haja ya kuonana. Kinyume chake ndicho kweli. Tangu mwaka 2000, walipokutana Bordeaux huko Ufaransa, mafundi wa Debian wamekuwa wakifanya mkutano mkuu karibu kila mwaka, kila mara katika mji mwingine. Wamekutana Helsinki, Porto Alegre, Edinburgh, Managua na Montreal. Mwezi Julai 2016 walifika Afrika kwa mara ya kwanza, katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2020 na 2021 ugonjwa wa Covid uliwalazimisha kukutana kwa mtandao tu. Kisha wakaenda Prizren, Kosovo, mwaka 2022. Kochi, India, mwaka 2023. Busan, Korea Kusini, mwaka 2024. Na Brest, Ufaransa, mwaka 2025.

Mikutano hiyo si ya hoteli za fahari. Mara nyingi hulala katika mabweni ya chuo. Wiki moja kabla ya mkutano wenyewe, wale waliowahi kufika huketi pamoja na kufanya kazi bega kwa bega, na tatizo lililoshindikana kwa miezi sita ya barua hutatuliwa kwa saa moja ya mazungumzo. Iko siku ya matembezi ya pamoja. Iko jioni moja ambayo kila mgeni huleta mezani chakula cha kwao, hasa jibini, ili wengine waonje. Mtu aliyetukanana na mwenziwe kwa maandishi hujikuta akimkatia kipande cha jibini, na mwaka unaofuata barua zao huwa na adabu.

Wasio na uwezo wa nauli huweza kuomba msaada kutoka katika michango ya chama na wafadhili. Hata hivyo nauli si kikwazo pekee. Fundi wa Afrika ambaye mkutano umefanyika Ulaya au Amerika huanza safari yake kwenye dirisha la ubalozi, akiwa na barua ya mwaliko, taarifa za benki na moyo unaodunda.

Katika mikutano hii iko desturi moja ambayo yataka kuelezwa. Kila fundi ana muhuri wake wa kidijitali, ambao kwa huo hutia sahihi kazi zake ili mashine za dunia zijue kuwa ni zake kweli. Lakini nani atathibitisha kwamba muhuri huo ni wa mtu huyo? Jibu lao ni la kale sana: waliomwona. Mafundi husimama mistari miwili wakitazamana, kila mmoja ameshika pasipoti mkononi na karatasi yenye alama ya muhuri wake, herufi na tarakimu 40. Humtazama mtu usoni, huitazama picha, hulinganisha alama. Kisha kila mmoja huutilia sahihi muhuri wa mwenziwe. Kwa mtindo huo huenea utando wa kuaminiana: mimi simjui yule, lakini namjua anayemjua. Anayetaka kujiunga na Debian kwa kawaida huhitaji sahihi ya watu waliokwisha kumwona.

Waweza kucheka, ndugu msomaji, kwamba mafundi wa mitambo ya kisasa wanaishia kufanya kama wazee wa mtaa wanaouliza mtoto huyu ni wa nani. Lakini yaliyotokea mwaka 2024 yanaonyesha kwamba si jambo la kuchekwa.

MLANGO ULIOFUNGULIWA KWA SIRI

Mwezi Aprili 2014 dunia ilipata onyo la kwanza kubwa. Iligunduliwa hitilafu katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za benki, maduka na barua pepe katika mtandao. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba programu hiyo, iliyotegemewa na makampuni yenye mabilioni, ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno, na michango ya hisani iliyokuwa ikiingia ilikuwa kama dola 2,000 tu za Marekani kwa mwaka. Makampuni makubwa yakaona aibu, yakachanga fedha.

Onyo la pili lilikuwa la hatari zaidi. Iko programu ndogo iitwayo XZ, ambayo kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Kwa miaka mingi ilitunzwa na fundi mmoja wa Finland, bila malipo, katika saa zake za mapumziko. Mwaka 2021 alitokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akawa analeta marekebisho mazuri kwa subira. Mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine ya watu wasiojulikana, yakimlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumhimiza akabidhi kazi kwa mwingine. Yule fundi alijibu hadharani kwamba amelemewa, na akawakumbusha kuwa kazi hii ni ya kujitolea isiyo na malipo. Mwishowe alimkabidhi msaidizi sehemu ya madaraka. Nani angekataa kupokezana mzigo?

Mwezi Februari 2024 yule msaidizi alipenyeza ndani ya toleo jipya mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia katika seva nyingi za dunia bila kubisha hodi. Mlango huo ulikwisha kufika katika sehemu ya majaribio ya Debian. Toleo lililo imara lilikuwa bado halijaguswa. Ndipo mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alipoona kwamba kuingia katika mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa karibu nusu ya sekunde kuliko kawaida. Angeweza kupuuza. Hakupuuza, alichimba hadi akaufikia ule mlango, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akautangaza. Mafundi wa nchi nyingi waliiacha mapumziko yao ya Pasaka wakaenda kuuziba.

Yako mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kwamba uwazi uliokoa: Freund hakuwa mtunzaji wa XZ, lakini aliweza kuchimba kwa sababu hapakuwa na sanduku la chuma. La pili ni kwamba mwizi hakupitia dirisha bovu la mashine. Alipitia katika uchovu wa mtu. Alimtafuta mlinzi aliye peke yake, akamjia kama mkombozi, huku majina mengine, yanayodhaniwa kuwa bandia, yakimlaumu mlinzi huyo. Jia Tan hakuwa na uso. Wale maelfu kwa maelfu waliokuwa wakiitumia XZ kila siku, mashirika na makampuni kwa makampuni, walikuwa wageni walioketi mezani miaka mingi wakila, wala hawakuuliza nani analima.

SIKU YA TATU

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza mgeni, wala hawakumtoza fedha za chakula. Walimpa jembe, na kwa jembe hilo akawa mmoja wao. Sioni usemi unaoifaa programu huria zaidi ya huo.

Wala tusidhani kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumekuwa wageni tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Na kwa ajili yake wataalamu walilazimika kukaa na kuamua maneno ya Kiswahili ya mambo mengi ya kompyuta. Mwezi Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa Kenya na marafiki zao walitunga haraka programu ya kukusanya taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Waliiita Ushahidi, wakaiacha huria. Na mwezi Januari 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi, programu hiyo ilitumika huko kuonyesha mahali penye watu wanaohitaji msaada. Neno la Kiswahili lilifika Port-au-Prince kwa njia ya programu.

Hapa Dar es Salaam mwaka 2011 wanafunzi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuuchora mtaa wao katika ramani huria ya dunia, OpenStreetMap. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuka ikawa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walipita mtaa kwa mtaa wakiandika barabara, nyumba na mitaro. Mama aliyejua maji hupita wapi masika yakinyesha alikuwa mtaalamu sawa na mwenye shahada. Na mwezi Agosti 2018 mafundi wa programu huria za ramani kutoka pembe zote za dunia walifanya mkutano wao wa kimataifa katika jiji hilo hilo. Safari hiyo, fundi wa Buguruni alikwenda mkutanoni kwa daladala, na aliyepanga foleni ya viza ni Mzungu.

Basi jembe liko la kila mkono. Ukiona kasoro katika programu huria, mwandikie mtunzaji kwa adabu na kwa ukamilifu: ulifanya nini, likatokea nini. Kama unajua Kiswahili sanifu, ziko programu nyingi zinazosubiri kutafsiriwa, na kazi hiyo haihitaji kujua kuandika programu hata kidogo. Kama waujua mtaa wako, ramani yake ina mapengo. Kama wewe ni mkuu wa ofisi au mwenye kampuni inayoendeshwa na programu hizi, na bila shaka inaendeshwa nazo, jiulize kama umewahi kuchangia fedha, au hata saa chache za mfanyakazi wako mmoja kwa wiki. Huyo hatakuwa amepotea kazini. Atakuwa ameulinda mlango wako mwenyewe.

Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao ameinamia kompyuta kuukuu aliyoiwekea mfumo huria, usikimbilie kumwambia anapoteza wakati. Muulize anatengeneza nini, na anamtengenezea nani. Huenda yumo katika shule ambayo haina ada. Lakini mkumbushe pia kulala, kula pamoja na wenziwe, na kufikiria riziki yake. Kwani kujitolea ni tunda la mtu aliyeshiba, wala haifai kumsifu fundi kwa kazi ya bure huku twamwacha adhoofike. Akiwa peke yake, mtafutie wenziwe. Vyuo vyetu vina vikundi vya vijana wa namna yake, na mtu aliyeonana na wenziwe uso kwa uso si rahisi kudanganywa na asiye na uso.

Mashamba ya wazee wetu yalikuwa na mpaka, na msaragambo ulikwisha jua lilipotua. Shamba hili halina mpaka, wala jua lake halituki. Daima kuna mahali ambako ni usiku, watoto wamelala, na mtu mmoja ameketi mbele ya kioo akisoma malalamiko yetu. Siku mbili za ugeni wetu, ndugu msomaji, zimekwisha kupita zamani.